Kansa ya matiti ya upande wa baba nayo inahesabika
Dada hapo juu umesema shangazi zako wawili walipata kansa ya matiti halafu ukaambiwa usijali kwa vile ni upande wa baba. Hapana aisee, jeni ya BRCA1 au BRCA2 (hizi zikiwa na hitilafu zinaongeza sana hatari ya kansa ya matiti na ya ovari, yaani mfuko wa mayai ya mwanamke), baba anaweza kuibeba hiyo yenye hitilafu vilevile, na kila mtoto wake, wa kike kwa wa kiume, uwezekano wa kuirithi ni nusu kwa nusu. Mary-Claire King, mwanasayansi wa jenetiki wa Marekani, alihangaika na hili tangu miaka ya 70, wengi wakimwona anapoteza muda, kumbe 1990 akaonyesha kwenye familia zenye wagonjwa wengi tatizo linakaa kromosomu ya 17 (kromosomu ni kama vifurushi vya jeni ndani ya seli). Jeni yenyewe, BRCA1, ikapatikana 1994.

Ukienda kwa mshauri wa jenetiki (mtaalamu wa magonjwa ya kurithi) usishangae hakimbilii kupima damu, atachukua karatasi achore ukoo wenu vizazi vitatu, kiboksi mwanaume, duara mwanamke, aliyeugua anapakwa wino, na atauliza kila mmoja aliugua akiwa na miaka mingapi (hapo ndo wengi tunakwama, bibi "tumbo lilivimba akafa" basi, kumbe inaweza kuwa kansa ya ovari). Kama shangazi mmoja yupo hai yeye ndo apimwe kwanza, maana wewe ukipima peke yako ukakutwa safi hutajua kama hujairithi au hitilafu ya ukoo wenu ni nyingine ambayo kipimo hakijaiona. Ila kansa nyingi za matiti hata sio za kurithi, ni kama 5 hadi 10 tu kwa kila 100.