Maswali ya Wasomaji: Kitanda, Meza na Jiko Ndani ya Gari la Kulala

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ndani ya gari la kulala, kitu gani kikae wapi. Tumezijibu tano.

Mimi na mume wangu tunageuza HiAce ndefu, pana, yenye paa la juu, iwe gari la kulala la watu wawili. Mimi nataka kitanda cha kudumu, yeye anataka sebule. Fundi seremala anasema kitanda kikingamishwe nyuma ili nafasi ibaki. Mume wangu ana urefu wa sentimita 178. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Arusha)

Tuanze na fundi, maana yeye ndiye aliyekosea. HiAce ya aina hiyo ina upana wa ndani wa karibu sm 173 ikiwa tupu. Ukiweka kizuia joto cha sm 2 kila upande na plaiwudi ya mm 4 juu yake, zinabaki sm 168. Mzee wa sm 178 akilala kwa kukingama atakunja magoti usiku kucha. Kitanda chenu lazima kifuate urefu wa gari. Sakafu, kuanzia nyuma ya viti vya mbele hadi mlango wa nyuma, ina karibu sm 354. Toa 190 za kitanda, mnabaki na 164 za mambo mengine yote.

Sasa ugomvi wenu. Jiulizeni swali moja tu: saa moja usiku mtakuwa wapi? Kwetu giza huingia karibu saa hiyo hiyo mwaka mzima, na mbu wanakuja nalo. Toka hapo hadi kulala kuna saa tatu za kukaa mahali fulani. Michoro mingi inayozunguka mitandaoni imetoka Ulaya, ambako jua la Julai huwaka hadi saa tatu au nne usiku na watu wanakula nje. Ndiyo maana wao wanaridhika na kitanda kikubwa na kijikiti cha kubandika. Kama safari zenu ni za kiangazi na mnapenda kuota moto nje, kitanda cha kudumu hakina ubaya. Kama mtasafiri masika, au mtashuka Pwani, sebule itawaokoa.

Kwa gari hili sisi tungechagua kitanda cha kuvuta. Mlango wa pembeni wa HiAce uko kushoto, kwa hiyo benchi likae ukuta wa kulia, sehemu ya nyuma: urefu sm 190, upana sm 70. Upande wa pili weka kabati lenye kina cha sm 40. Mchana mnabaki na njia ya sm 58, inayomtosha mtu mmoja kupita. Usiku benchi linavutwa hadi upana wa sm 125.

Siri iko kwenye chaga. Tengeneza fremu mbili, moja imefungwa ukutani, nyingine inateleza na ina miguu yake inayofika sakafuni. Chaga za mpaina za sm 7 kwa sm 2, na nafasi ya sm 8 kati ya moja na nyingine, ili chaga za fremu ya pili zipite katikati zikiwa na mm 5 kila upande. Kwa urefu wenu ni chaga 13 za kudumu na 12 za kuteleza. Mafundi hupenda kuacha mm 1 au 2 ili kazi ionekane safi. Mvua zikianza mbao zinavimba na kitanda hakitoki. Paka mshumaa mkavu kwenye kingo na kitateleza vizuri. Na msishawishike kukivuta hadi sm 140: chaga zote zina urefu wa sm 70, kwa hiyo kwenye 125 zinapishana kwa sm 15, na kwenye 140 hazipishani kabisa. Fungeni kizuizi cha mbao kiishie 125.

Sponji iwe ngumu, sm 10, ikatwe kwa urefu: kipande cha sm 70 cha kukalia na cha sm 55 cha kuegemea. Hapo mshono unapita kati ya mke na mume. Wengi hukata kwa upana vipande vitatu kwa sababu ni vyepesi kubeba, kisha wanalalamika kiuno kinaingia kwenye ufa.

Kimo nacho ni hesabu. Ndani kuna karibu sm 163. Ukitoa sakafu na dari jipya zinabaki 159, yaani mzee hatasimama wima. Ubao wa benchi la kukalia uwe sm 36 kutoka sakafuni, kabla ya sponji. Ukiishinda kesi na kitanda kikawa cha kudumu, ubao usizidi sm 50 kutoka sakafuni. Ongeza sponji, utabaki na sm 99 juu yake, na mtu mzima anahitaji karibu 95 kuketi bila kuinamisha kichwa. Tamaa ya stoo kubwa chini ya kitanda ndiyo inayowafanya watu wavae nguo wakiwa wamelala.

Neno la mwisho kwa fundi: asiweke plaiwudi nzima chini ya sponji. Jasho na pumzi hugeuka maji upande wa chini wenye baridi, na mkilala kwenye ukingo wa Ngorongoro wiki moja tu ukungu utaanza. Kama amekwisha kuweka, atoboe matundu ya sm 3 kila baada ya sm 15.

Je, viti vya mbele vya HiAce vinaweza kuzungushwa vitazame nyuma kama vya magari ya Ulaya? (Msomaji, Kampala)

Usipange hivyo. Injini ya HiAce zilizozoeleka kwetu iko chini ya viti vya mbele, na kiti lazima kiinuke ili fundi aifikie. Chora mpango wako kana kwamba chumba cha dereva hakipo, na usijenge kabati lolote linalozuia kiti kuinuka.

Mume wangu anataka jiko liwe nyuma, mlangoni. Mimi nalitaka ndani. Gari ni HiAce, na mara nyingi tunakwenda Diani na Watamu. (Mama wa Voi)

Mama, kwa Pwani tutamwunga mkono mumeo. Joto la Diani saa kumi na mbili jioni linatosha bila kuongeza la jiko, na ukikaanga samaki ndani, mashuka yatanuka hadi mrudi Voi. Mlango wa nyuma wa HiAce hufunguka kwenda juu, kwa hiyo mnapata paa dogo la bure la jua na manyunyu. Tatizo la jiko la nyuma ni chai ya usiku na mvua ya upepo. Dawa ni kutolifunga jiko: weka jiko la plati mbili linaloinuliwa kwenye droo ya chini ya kitanda, na ndani ya gari uwe na meza yenye kimo cha sm 70, si 90, kwa sababu humo utapika ukiwa umeketi. Likiwaka ndani, dirisha na mlango viwe wazi, na lisitumiwe kamwe kupasha gari joto wakati wa kulala.

Droo ya upana wa sm 50 na urefu wa sm 80 itabeba sufuria, jiko na vyombo vya kilo 30 hivi. Nunua reli za droo zinazohimili kilo 100. Hiyo si anasa: barabara ya vumbi yenye mawimbi huzidisha mzigo kila gurudumu linapogonga. Usifunge reli kwa skrubu kwenye ukingo wa plaiwudi, zitang'oka. Toboa upande hadi upande, tumia bolti, washa (pete za chuma) pana na nati zenye nailoni ambazo hazilegei. Sumaku za kabati la nyumbani hazishiki droo nzito. Weka komeo.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukae ndani ya sanduku lake lililozibwa upande wa chumba, lenye tundu la sm 5 sakafuni linalotoka nje ya gari, mbali na ekzosi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kupanda hadi walipo waliolala. Kila mnapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio, na valvu ya mtungi ifungwe gari linapotembea.

Na mkatazeni seremala asitumie MDF (bodi ya unga wa mbao). Bodi moja ya futi 8 kwa 4 ya mm 18 ina uzito wa karibu kilo 40, na ikilowa inavimba kama mkate kwenye chai. Plaiwudi nyepesi ya mm 12 haifiki hata nusu ya hapo. Kwa bodi tano mmeokoa zaidi ya kilo 100.

Nina urefu wa sm 186, mke wangu 165. Tunatafuta gari la kulala lililotengenezwa tayari juu ya Fiat Ducato. Muuzaji anasema la mita 5.99 linatutosha, na la 6.36 ni kupoteza pesa. Tutabeba baiskeli mbili za umeme nyuma. Baadaye tunafikiri kulipeleka nyumbani Kenya. (Msomaji, Hannover)

Kwa urefu wako, hizo sm 37 ndizo unazonunua. Katika la 5.99, kitanda cha kudumu kwa kawaida hukingama nyuma. Ducato tupu ina karibu sm 187 ukuta hadi ukuta. Ikishavishwa, wewe hutoshei, labda kuta ziwe zimetobolewa na kuvimbishwa nje. Tena anayelala ndani lazima amruke wa nje kila akienda chooni. La 6.36 hukupa vitanda viwili vinavyofuata urefu wa gari. Pima vyote viwili, maana mara nyingi kimoja ni kifupi kuliko kingine, na muuzaji hutaja kile kirefu.

Lakini urefu unaongezeka nyuma ya ekseli, na hapo baiskeli zinaingia kwenye hesabu. Baiskeli mbili na kibebeo chake ni kama kilo 65, zikining'inia mita 1.7 nyuma ya ekseli. Kati ya ekseli mbili kuna mita 4.035. Kwa nguvu ya wenzo, ekseli ya nyuma inabeba kilo 92, na ya mbele inapunguziwa 27. Ducato inavutwa na magurudumu ya mbele: kwenye nyasi zilizolowa yatazunguka bure. Mkipenda mpango huu, tenki la maji na betri viwe kati ya ekseli, na kabla ya safari pimeni kila ekseli peke yake, siyo jumla tu. Leseni ya daraja B inaishia kilo 3,500, na lita 100 za maji ni kilo 100 kamili.

Mwishoni mwa Agosti kuna maonyesho ya Caravan Salon, Düsseldorf, si mbali nanyi. Nendeni mkavue viatu, mlale wote wawili robo saa. Keti chooni mlango ukiwa umefungwa. Fungua droo ya jiko, kisha mke ajaribu kupita.

Kuhusu kulipeleka nyumbani, fikirini upya. Magari ya bara la Ulaya yana usukani kushoto, ambao Kenya haisajili kwa matumizi ya kawaida, na mlango wa pembeni uko kulia. Barabarani kwetu ungeshukia kwenye malori.

Tuna Coaster ndefu na watoto watatu. Tuweke choo na bafu? (Baba wa Mwanza)

Bafu dogo lenye choo linakula sm 75 kwa 90, na tenki la choo la lita 17 hadi 20 linalowatosha watu wawili siku mbili au tatu litajaa kwenu kabla ya kesho jioni. Sisi tungeweka choo cha kubebeka kabatini, na nafasi hiyo tuipe vitanda vya ghorofa: upana sm 65, urefu sm 180, kimo cha angalau sm 55 kati ya godoro na cha juu, na ubao wa sm 20 wa kuzuia kuanguka. Usivitoe viti vyote vya basi. Bakiza vitano vinavyotazama mbele, mikanda ikiwa imefungwa kwenye bodi ya gari na si kwenye plaiwudi. Benchi la pembeni ni la kukalia gari likiwa limesimama.