Re: Mhindi wangu kaelewa "curate" ni padri, nimsaidieje?

Ndugu, pole, nimekuelewa: unamfundisha Kiingereza jamaa anayeongea Kihindi, kakutana na "curate" kwenye tangazo la kazi ya makumbusho, kamusi yake ikampa padri, sasa kachanganyikiwa. Mi nilisoma Pune, India, nikaishi na jamaa wa Kihindi, hili lilitusumbua sana.

Anza na mzizi. Neno limetoka Kilatini, cura, yaani kutunza. Mwambie "dekh-rekh", yaani utunzaji kwa Kihindi, atacheka, ataelewa papo hapo. Padri anatunza roho za watu, mtu wa makumbusho anatunza vitu, basi.

Halafu matamshi, hapa ndo wengi wanateleza. Yule wa kanisani, hasa Anglikana, ni msaidizi wa kasisi wa parokia, mwisho wake unatamkwa kifupi, kama "kyurit", kwa Kihindi mwambie sahayak padri. Kitendo cha kuchagua na kupanga mkusanyiko mwisho unavutwa, "kyureit". Na anayefanya hiyo kazi si curate, ni curator, kwao sangrahalayadhyaksh (refu kweli, usilazimishe, hata wao wanasema tu kyureta). Mpe mfano wa Indian Museum ya Kolkata, ipo tangu 1814, anaijua.

Siku hizi hata orodha ya nyimbo inakuwa "curated", hapo ni kuchaguliwa kwa makini tu, kanisa halimo.

Ila kama anatafsiri cheti au barua ya kazi ya kupeleka ubalozini msijaribu wenyewe, tafuteni mtafsiri aliyesajiliwa, maana ukimwandika mtu wa makumbusho kuwa padri kwenye fomu za viza utaeleza mpaka uchoke.