Nilikataliwa mara mbili kusoma, barua ya tatu ikapita: jibu kwa dada wa Kigoma

Dada, nimesoma swali lako lote. Wewe ni muuguzi wa cheti kwenye kituo cha afya cha mtu binafsi hapo Kigoma, unataka kusoma stashahada, mwenye kituo amekukatalia mara mbili, na wengi wamekushauri uache kazi. Mimi naomba usiache kwanza. Nilikataliwa mara mbili vilevile hapa Tabora, na nitakueleza kilichobadilika mara ya tatu.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni inayonunua tumbaku kwa wakulima wa vyama vya msingi vya ushirika. Niliingia na stashahada, nikataka kufanya mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, mpaka nipate CPA, yaani cheti cha juu cha uhasibu. Mitihani hiyo hufanyika Mei na Novemba. Mara ya kwanza nilimfuata bosi mlangoni mwezi Machi, nikamwomba wiki mbili za Mei. Mtu wa Tabora hapo ameshaelewa. Mwezi wa tano masoko ya tumbaku yamefunguka, malori yanaingia na kutoka ghalani, kila mtumba wa tumbaku unapimwa na kupewa daraja, na karatasi zote zinaishia mezani kwangu. Alikataa kabla sijamaliza kusema. Nilikasirika mno, nikaona huyu hataki nisogee. Kumbe nilikuwa nimemwomba mkulima jembe lake siku ya mvua ya kwanza.

Mara ya pili niliandika barua, lakini yote ilikuwa juu yangu: malengo yangu, familia yangu, miaka niliyotumika. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Mwanangu, nikikusomesha utanikimbia." Sikuwa na jibu.

Kilichogeuza mambo ni ukaguzi. Wakati ule bei ya tumbaku iliwekwa kwa dola, na vitabu vyetu vilikuwa vya shilingi. Tulikuwa tunaandika deni tunalodaiwa na wakulima kwa kiwango cha dola cha siku ya soko, kisha tunaliacha hivyohivyo hadi mwisho wa mwaka, hata kama halijalipwa na shilingi imeshatembea. Wakaguzi wakaturudishia hesabu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kujisomea usiku, na nilikuwa nimefika kwenye kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 21, kinachohusu fedha za kigeni. Kinataka deni la fedha za kigeni ambalo halijalipwa ligeuzwe upya kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu, na tofauti iingie kwenye faida au hasara ya mwaka huo. Nilikaa jioni tatu na daftari la wadai, nikaweka kila deni kwenye mstari wake: dola ngapi, kiwango cha siku ya soko, kiwango cha siku ya kufunga, tofauti. Zikatoka kurasa mbili. Nikampelekea bosi bila kuomba chochote. Alivuta kiti, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasema, "Nieleze huu." Tukaenda mstari kwa mstari mpaka wa mwisho.

Barua ya tatu niliipeleka Septemba, masoko yamefungwa na watu wamepumua. Ilikuwa ukurasa mmoja. Niliomba Novemba ya mwaka unaofuata, wakati wakulima wanahamishia miche shambani na ofisi imetulia. Baadhi ya siku hizo nilizitoa kwenye likizo yangu ya mwaka, zile 28 za kisheria. Nilitaja mwenzangu atakayeshika kazi, ambaye nilishakubaliana naye na kumfundisha usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki. Gharama niliziandika zote, mpaka nauli ya basi la Mwanza nilikopangiwa kufanyia mtihani. Ada ningelipa mwenyewe kwanza, ofisi inirudishie nikifaulu.

Na lile la kukimbia nililiandika kabla hajalisema tena: nitakaa miaka 2 baada ya kufaulu, na nikiondoka mapema nitarudisha sehemu inayolingana na miezi iliyobaki. Hapa dada soma kwa makini. Mkataba wa namna hiyo utaje kiasi, deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi, na uwe kwenye maandishi mliyosaini wote wawili. Mambo ya "tutakukata kidogokidogo" ya mdomo usiyakubali. Kuna rafiki yangu, kazi nyingine kabisa, alisaini karatasi iliyosema tu kwamba atarejesha gharama zote. Alitumikia miezi 20 kati ya 24, na bado akadaiwa zote. Iliniuma sana.

Sasa kwako. Kigoma malaria ni nyingi, na mvua zikikolea wadi zinajaa, kwa hiyo usipeleke ombi miezi hiyo. Stashahada pia si wiki mbili kama mitihani yangu, ni muda mrefu, hivyo ukiomba akulipie kila kitu na akubakizie mshahara atakataa tena. Omba akutunzie nafasi na akuchangie sehemu ya ada, nawe ushike zamu likizo za chuo. Kabla ya hapo omba kitu kidogo: leseni yako inahitaji kuhuishwa, mafunzo endelevu yanahesabiwa, na yeye hawezi kumweka zamu muuguzi asiye na leseni hai. Mwombe siku chache za mafunzo hayo, urudi ukawafundishe wenzako ulichojifunza, akione. Kisha kwa mwezi mzima andika ni mara ngapi mmempa mgonjwa rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa ya Maweni kwa sababu tu zamu ile haikuwa na mtu wa kumhudumia. Andika idadi tu, majina ya wagonjwa yasiwemo.

Umeuliza pia kama upitie kwa matroni au uende moja kwa moja kwa mwenye kituo. Pitia kwa matroni. Ndiye anayepanga zamu, na swali la kwanza utakaloulizwa ni nani atashika za kwako. Mimi barua ya tatu ilipitia kwanza kwa mkuu wa ghala. Aliisoma akiwa amesimama, akachomoa kalamu mfukoni, akaongeza mstari mmoja chini ya saini yangu: "Novemba ghalani hakuna mzigo."