Shangazi Nijibu: Walikuja na kishikwambi, wakatuandika, wakapotea

SWALI: Shkamoo shangazi. Mimi ni mkulima wa mpunga huku Mbarali. Mwaka juzi walikuja vijana wawili, mmoja mzungu mwingine wa Dar, wakasema wanatoka shirika la haki za binadamu, wakakaa siku tatu wanauliza habari za watu kuhamishwa na ng'ombe kukamatwa, nikawaeleza kila kitu mpaka nikalia na wao wananirekodi. Toka hapo kimya, hela hakuna, wakili hakuna, simu hawapokei. Sasa wamekuja wengine na vishikwambi vyao. Mume wangu anasema hawa wanakula hela za wafadhili kwa machozi yetu. Niongee nao au niwafukuze? – Mama wa Mpunga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mumeo ana point ila kuna kitu hajakiona. Hawa sio kama wale wanaokuja kuchimba kisima au kugawa vyandarua, hawa wana ripoti na presha basi. Polisi hawana, mahakama hawana, hata ndama mmoja hawawezi kukurudishia. Wanachofanya ni kumtafuta mtu anayeogopa kuchafuka jina, au yule aliyetoa hela, halafu wanamwekea maneno yako mezani mpaka akose usingizi.

Na mfano uko hapohapo kwenu. Si unaukumbuka mradi wa REGROW, ule wa kukuza utalii kusini, Ruaha ikiwemo? Benki ya Dunia iliupitisha 2017, dola milioni 150. Oakland Institute, shirika la kule California, wakakusanya maelezo ya wanavijiji wa kuzunguka hifadhi, serikali ikakanusha tuhuma, sasa wangebaki kubishana na serikali tu ingekuwa stori ndefu, wao wakamfuata mwenye hela. Benki ya Dunia ina Jopo la Ukaguzi toka 1993, linapokea malalamiko ya watu wanaosema wameumizwa na miradi ya benki hiyo, malalamiko yakafika 2023, Aprili 2024 benki ikasimamisha kutoa hela na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Maneno ya watu wa kijijini yamefika mpaka Washington hayo, usiyadharau.

Ila sikudanganyi mwanangu, mradi kufutwa sio shamba kurudi. Huko maofisini wanaweza wakaita ushindi wakapigiana makofi, na wewe huku bado unakodi eka za watu. Hapo ndo mumeo anapopatia.

Kuhusu hela, usiidai kwa ajili ya maelezo. Wakikulipa tu, upande wa pili atasema ushahidi umenunuliwa na yote uliyosema yanaenda na maji. Nauli na chakula ukipoteza siku sawa, hiyo haina shida. Na ukiona wengine wanarudia maswali yaleyale usidhani wanakuona muongo, kazi yenyewe iko hivyo, wanamhoji kila mtu peke yake halafu wanalinganisha.

Sasa hawa wapya kabla hawajawasha kinasa sauti waulize wewe kwanza. Jina langu litatoka? Sura yangu je? Nani atasikiliza hiyo sauti? Ripoti ikitoka mtanisomea kwa Kiswahili au ndo nitaisikia redioni? Nikibadili mawazo mwezi ujao mnanifuta? Wakikuletea fomu ya ridhaa usisaini kwa aibu ya ugeni, mwite mwanao aliyesoma aisome yote kwa sauti. Wakianza kuzungukazunguka wape chai waende zao. Mimi nilishahojiwa na watu wa aina hiyo hapa Uyole, ripoti ikaja kwa Kiingereza kitupu na mtaa wangu wamekosea jina, mpaka leo nikikumbuka nacheka kwa hasira.

SWALI: Kamwene shangazi, nipo Iringa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu si ipo Arusha hapo, kwanini haya mashirika yasiende kushtaki moja kwa moja? – Kijana wa Kihesa

JIBU: Kamwene. Mlango huo ulikuwepo, sisi wenyewe tukaufunga. Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko linaloruhusu mtu binafsi na mashirika kuishtaki pale, na kujitoa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Yaani jengo tunalo sisi, kesi wanapeleka wa nchi nyingine, chekesho kweli. Iliyobaki ni Tume ya Afrika kule Banjul, Gambia, hiyo inapokea malalamiko ya mashirika, ila lazima kwanza umalize mahakama za nyumbani au uonyeshe zinakuzungusha bila sababu. Kwahiyo kila hukumu na kila barua uliyogongewa muhuri tunza.

SWALI: Shangazi, hivi barua za Amnesty, lile shirika la haki za binadamu, kwa marais zinasomwa kweli? – Mdadisi, Tukuyu

JIBU: Rais mwenyewe sina uhakika kama anafungua bahasha, lakini wa chini yake wanazihesabu. Amnesty yenyewe ilianzia kwenye makala ya wakili Peter Benenson, gazeti la The Observer la London, 1961, ya wafungwa waliosahaulika. Mwaka 1973 wakaanza barua za haraka kwa ajili ya mhadhiri mmoja wa Brazil, Luiz Basilio Rossi, na aliachiwa mwaka huohuo. Mfungwa anayeulizwa na watu elfu ni mgumu kupotea kimyakimya, ndo mchezo wenyewe huo.