Mwalimu, padre hufika kwetu kila wiki ya tano

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka parokia za vijijini. Nilikuwa katekista, yaani mwalimu wa dini, wa kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia) kwa miaka 26 kabla magoti hayajanistaafisha, kwa hiyo mnaponiita Mwalimu siwezi kukataa. Ila mjue kwamba baadhi ya haya ninayowajibu leo niliyajua baada ya kuyakosea mbele za watu.

*Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristo. Tangu Pasaka nimepewa kazi ya ukatekista katika kigango chetu. Parokia ina padre mmoja, kanisa la parokia na vigango tisa, na kwetu anafika kila wiki ya tano. Jumapili nyingine naongoza ibada ya Neno, yaani masomo na sala bila Misa. Wazee wawili wamegoma kuja, wanasema bila Misa huo ni mkutano tu. Wengine wanasema asiyekuja ibadani ana dhambi sawa na aliyekosa Misa. Nani yuko sahihi? Na mimi pale mbele nifanye nini, nisifanye nini? (Katekista mpya)*

Milele na milele, mwanangu. Kwanza tumwondolee paroko wako lawama, maana najua zinazungumzwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 905, inataka padre aadhimishe Misa moja kwa siku. Penye upungufu wa mapadre, askofu anaweza kumruhusu mbili siku za kawaida, na Jumapili hadi tatu kama uhitaji wa waamini unadai. Basi piga hesabu. Moja inabaki kanisa la parokia, mbili zinakwenda vigangoni. Vigango tisa kwa mbili mbili, hapo ndipo wiki ya tano inapotoka. Hata angekuwa na mabawa, hesabu ni ile ile.

Sasa wazee wako. Mimi miaka yangu ya kwanza nilikuwa upande wa wale wanaohesabu dhambi. Nilisimama nikatangaza kwa sauti kubwa: asiyekuja ibadani Jumapili, akaungame. Siku hiyo paroko alikuwa amefika bila taarifa, amekaa benchi la nyuma kabisa na koti la mvua mwilini. Hakusema neno mpaka watu walipotawanyika. Akafungua kitabu cha sheria za Kanisa cha mwaka 1983, akaniwekea kidole kwenye kanuni ya 1248, sehemu ya pili. Nikasoma mwenyewe: pakikosekana mhudumu, au kukiwa na sababu nyingine nzito, hata watu wasiweze kushiriki Misa, inasisitizwa sana washiriki Liturujia ya Neno kanisani au mahali pengine patakatifu kwa utaratibu uliowekwa na askofu, au watenge muda wa kusali peke yao, kama familia, au familia kadhaa pamoja. Inasisitizwa sana. Hakuna neno “lazima” pale. Amri inahusu Misa, na asiyeweza kuifikia hana hatia. Jumapili iliyofuata ilinibidi nisimame pale pale nikanushe maneno yangu, na kwaya nzima ikinitazama.

Kwa hiyo wanaohesabu dhambi wamekosea. Lakini wazee wako nao wasishangilie mapema. Jambo ambalo Kanisa linalisisitiza sana huwezi kuliita mkutano tu. Wanaposomewa masomo ya Jumapili, Kristo anasema nao, awepo padre asiwepo. Nenda nyumbani kwao, usiwangoje kanisani. Peleka kitabu cha masomo, msome pamoja Injili ya Jumapili ijayo, kisha uondoke bila kubishana. Mmoja wa wazee wangu alirudi kwa sababu tu nilimwomba asome somo la kwanza. Kumbe miaka yote hakuna aliyewahi kumwomba.

Kuhusu pale mbele, Roma ilitoa mwongozo mwaka 1988 juu ya ibada za Jumapili bila padre, nao unasema wazi. Sala ya Ekaristi, ile ya padre ya kuweka wakfu mkate na divai, isisomwe kabisa, hata kipande. Wewe si padre wala shemasi, kwa hiyo husemi “Bwana awe nanyi”, na mwishoni usiwabariki watu. Unaomba baraka ya Mungu ije juu yetu sote, ukijiandika ishara ya msalaba wewe mwenyewe. Kiti cha padre usikikalie. Mimi nilikuwa na kigoda changu kando ya benchi la kwaya, na watoto walikiita kigoda cha Mwalimu. Altare haitumiki, isipokuwa kuweka juu yake Ekaristi Takatifu kabla ya Komunyo, kama umepewa ruhusa ya kuigawa. Ruhusa hiyo ujue imetoka kwa nani. Ukishachaguliwa na kigango usidhani umeipata. Mahubiri ni ya padre au shemasi. Muombe paroko akuandikie maelezo, uyasome kama alivyoandika. Najua kishawishi cha kuongeza yako. Mimi niliongeza, nikapita nusu saa, na hakuna aliyekumbuka hata sentensi moja.

Usisahau pia jambo ambalo vigango vingi hulichanganya: Misa ikiwa imeadhimishwa kwenu Jumapili hiyo, au Jumamosi jioni yake, ibada ya Neno haifanyiki tena mahali hapo. Na ibada yenyewe haifanyiki mara mbili siku hiyo hiyo.

Barua yako ndefu (nimeikata, unisamehe) inasema pia kwamba siku sita nyingine kigango “kinalala”. Hapo ndipo ningekaa zaidi kuliko kwenye kiti cha nani. Jumapili isiyo na padre hubebwa na wiki. Kwetu jumuiya, yaani vikundi vya sala vya familia jirani, zilikutana Alhamisi jioni na kusoma Injili ya Jumapili inayofuata, mara mbili, taratibu, na kila mtu akataja neno lililomgusa bila kulihubiria. Ikifika Jumapili, watu walikuwa wanaijua, hata msomaji aking'ang'ana na majina ya manabii walimsaidia kimoyomoyo. Jumanne wawili wawili tuliwatembelea wagonjwa, mmoja akiwa na daftari dogo la kuandika nani anataka kuungama, nani apakwe mafuta, nani apelekewe Komunyo. Daftari hilo lilikwenda kwa paroko kabla ya siku yake ya zamu. Wiki ya tano alipofika hakuuliza “mna wagonjwa?” Alishuka kwenye pikipiki akiwa na majina sita na njia ya kuwafikia. Kabla ya kuwa na daftari, saa nzima ilipotea tukikumbushana nani anaumwa, na kila mara tulimsahau mtu.

Anza na daftari. Mengine yatajipanga nyuma yake.

*Mwalimu, binti yangu alijifungua usiku, mtoto akawa hapumui vizuri. Kituo cha afya kiko mbali na mvua ilikuwa inanyesha. Mama yangu alichukua maji akambatiza. Mtoto amepona, sasa ana miezi mitatu. Jirani anasema huo si ubatizo, bibi hana madaraka, abatizwe upya. Mama analia kila akisikia. (Mama wa mzazi)*

Mwambie mama afute machozi. Katika hali ya lazima mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi ana nia ya kufanya lifanyalo Kanisa. Ni kanuni ya 861, wala si upole wangu. Hata asiye Mkristo anaweza.

Maswali ni mawili tu. Je, yalikuwa maji ya kweli, na yalimtiririka mtoto? Na alisema nini? Maneno ni “Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Muulize taratibu, akiwa ametulia, na usimtilie maneno mdomoni. Neno dogo lina uzito hapa: mwezi Agosti 2020 Roma ilitamka kwamba anayesema “tunakubatiza” hajabatiza. Kama mama alisema sawasawa, mtoto amebatizwa, na ubatizo haurudiwi. Kama kuna shaka ya kweli baada ya kuuliza, paroko ataamua la kufanya.

Kilichobaki ni mambo mawili. Mtoto aletwe kanisani akamilishiwe taratibu nyingine, ikiwemo kupakwa krisma, yaani mafuta matakatifu. Na jina liandikwe. Hili la pili ndilo linalosahaulika, nami nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona kijana wa miaka 24 anayetaka kufunga ndoa akizunguka parokia tatu kutafuta mstari mmoja usiokuwepo kwenye daftari lolote. Nendeni kwa paroko na mama mwenyewe, na kama kulikuwa na mtu mwingine chumbani aliyeona, aje naye. Kwenye daftari hilo hilo la ubatizo ndiko kutakakoandikwa kipaimara chake, na ndoa yake siku ikifika.

Na jirani naye ajifunze yale maneno. Usiku mwingine atahitajika yeye.

*Baba yetu alifariki mwezi uliopita. Kiongozi mmoja alikataa kutuandikia barua ya kwenda kwa padre kwa sababu tulikuwa nyuma kwenye michango ya jengo. Tukamzika kwa sala za majirani. Je, Kanisa linaruhusu? Nisimame Jumapili nimwulize mbele ya watu? (Mtoto wa marehemu)*

Pole sana, ndugu yangu. Raha ya milele umpe ee Bwana.

Haliruhusu. Kanuni ya 1184 inataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa, kama vile walioikana imani hadharani bila kutubu. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mdaiwa wa michango, hayumo. Ya 1181 inaonya kwamba katika mazishi kusiwe na upendeleo, na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Ni kweli kila mwamini ana wajibu wa kulitegemeza Kanisa lake, kanuni ya 222 inasema hivyo, nami sitaki msomaji mwingine aitumie barua yako kukwepa sadaka. Lakini wajibu wa kutoa ni jambo moja, na kumfungia mtu mlango ni jambo lingine kabisa.

Nimewahi kulishika daftari la michango kwa miaka minne. Daftari lile humgeuza mtu mpole kuwa karani wa forodha. Unaanza kumtazama jirani yako unaona tarakimu. Sijui kiongozi wenu ana moyo gani, ila nalijua daftari.

Usisimame Jumapili. Nenda kwa paroko mwenyewe, ana kwa ana, siku ya kazi, ukiwa na mtu mmoja wa familia. Inawezekana kabisa hajui kwamba kuna kizuizi kimewekwa kwa jina lake. Mweleze tarehe na maneno yaliyosemwa, bila chumvi. Kisha omba Misa kwa ajili ya baba. Muda haujapita, na kama hamna cha kutoa, kanuni ya 945 inawasihi mapadre waadhimishe kwa nia za waamini, hasa maskini, hata bila sadaka. Mnaweza pia kuomba kaburi libarikiwe.

Kuna swali la pili ambalo hukuuliza. Kila parokia inapaswa kuwa na kamati ya fedha, na waamini wanapaswa kupewa hesabu ya walichotoa. Waulize kwa heshima hesabu ya jengo ilisomwa lini mara ya mwisho. Pale hesabu inaposomwa, nimeona michango ikiongezeka bila mtu kutishwa.

*Kwaya yetu inaimba vizuri lakini imeteka Misa. Zaburi ya katikati ya masomo wameibadilisha kwa wimbo wao mpya, na “Mwanakondoo wa Mungu” nayo ina maneno mengine. Tukisema tunaambiwa tuna wivu. (Mwimbaji mstaafu)*

Wivu unaweza kuwepo, mstaafu mwenzangu, nasi tujichunguze. Lakini katika haya mawili mna haki. Maelekezo ya jumla ya Misale ya Kiroma, kitabu cha sala za Misa, hayaruhusu wimbo mwingine kushika nafasi ya zaburi, kwa kuwa zaburi ni Neno la Mungu kama masomo yalivyo. Na maneno ya “Mwanakondoo” hayabadilishwi. Kwaya inayo nafasi ya kuonyesha kipaji wakati wa kuingia, wa matoleo, wa Komunyo, na baada ya Komunyo.

Msiwavamie baada ya Misa wakiwa bado wanatoka jasho. Nendeni Jumamosi kwenye mazoezi, mkawasikilize mpaka mwisho, ndipo mmwombe mwalimu wa kwaya awape watu kiitikio chepesi cha zaburi, cha mstari mmoja, ambacho bibi aliyekaa nyuma anaweza kukidaka mara ya kwanza. Na ninyi mkiitikie kwa nguvu. Kwaya nyingi huteka Misa kwa sababu waliopo kwenye mabenchi wameziba midomo.

*Mwalimu, swali fupi. Alhamisi tunasali matendo gani ya Rozari? Kitabu cha marehemu bibi yangu kina matendo ya furaha, uchungu na utukufu tu.*

Ya mwanga: Ubatizo wa Yesu mtoni Yordani, arusi ya Kana, kutangaza Ufalme wa Mungu, kugeuka sura, na kuwekwa kwa Ekaristi. Papa Yohane Paulo II aliyaongeza Oktoba 2002, kwa hiyo kitabu cha bibi kimeyatangulia. Usikitupe. Andika hayo matano kwa mkono kwenye karatasi, uikunje, uiweke kati ya furaha na uchungu. Changu kina karatasi hiyo mpaka leo, imegeuka rangi ya chai.