Kiwanda kinahamia nje na mshahara hatujalipwa: je, tujilipe kwa vipuri?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wetu. Mimi ni fundi mitambo katika kiwanda cha kusokota nyuzi na kamba za mkonge hapa Tanga, mkaazi wa Mwanzange, nina miaka kumi na minne kazini. Tumetangaziwa kuwa kiwanda kinafungwa na mitambo inahamishiwa Bara la Asia. Makontena yameshaletwa, na sisi mafundi ndio tunaofungua mashine na kuzipakia. Mishahara ya miezi miwili hatujalipwa, na kiinua mgongo tunaambiwa "kitakuja". Wenzangu wengine wanasema tutoe beringi, mota ndogo na kadi za paneli tuuze tujilipe. Wengine wanasema tuzifunge mashine vibaya ili zikifika huko zisiwake. Wapo wanaotaka tumsomee tajiri Halbadiri, kisomo cha kumwapiza. Na ofisi imetuletea karatasi ya kusaini kwamba tumepokea haki zetu zote na hatumdai mtu, eti tukishasaini ndipo tutaanza kulipwa. Dini inasemaje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu akufungulieni mlango wa kheri, wewe na wenzako.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo hasira huyachanganya. Mwenye mali kufunga biashara yake na kuipeleka anakotaka, hilo peke yake si dhulma. Mkonge wenyewe ni shahidi: nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, ilianguka dunia nzima, na mashamba na viwanda vya mkoa huu vikafungwa bila ya mtu mmoja kuwa amekusudia kumuumiza mwenziwe. Dhulma inaingia pale anapoondoka na jasho la watu. Katika hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema kuwa watu watatu Yeye ndiye atakayekuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake. Na Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim kwamba mwenye uwezo kuchelewesha kulipa ni dhulma.

Kwa hiyo mnachodai ni deni, na kila kitu katika jibu hili kinafuata hukumu za deni. Ila deni lenu lina mafungu mawili. Mishahara ya miezi miwili imeshafika wakati wake, hiyo ni deni lililoiva. Kiinua mgongo, malipo ya likizo na mengineyo ya kumalizia mkataba yataiva siku ajira itakapokoma. Shika tofauti hiyo, tutairudia.

Sasa vipuri. Wenzako wanaosema mjilipe hawajazua jambo. Hind bint Utba alimshitakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe Abu Sufyan, naye akamruhusu achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i wameitoa humo mas-ala ya dhafar: mwenye haki iliyothibiti, akinyimwa, akaikuta mali ya mdaiwa wake, aweza kuchukua kadiri ya haki yake. Na wao ni wapana katika hili kuliko madhehebu mengine, sitalificha. Lakini liwekeni juu ya hali yenu mlione linavyokataa kukaa.

Dhafar ni kwa deni lililoiva, na kiinua mgongo chenu bado. Ni kwa kadiri ya haki bila kuzidisha, na hapo ndipo vipuri vinapoharibu hesabu. Kadi ya paneli inayonunuliwa kwa mamilioni utaiuza kwa laki moja au mbili, kwa sababu mnunuzi anajua imetokea wapi; wewe umepata laki mbili na umebeba shingoni dhamana ya thamani yake yote. Tena mali lazima iwe ya mdaiwa mwenyewe, isiyofungamana na haki ya mtu mwingine. Mitambo ya viwanda mara nyingi imewekwa rehani benki, au imeshauzwa kwa kampuni itakayoipokea huko iendako. Na mdaiwa akiwa mali yake haitoshi madeni yake, huyo ni muflis: mali yake hugawiwa wadai wote kwa uwiano wa madeni yao, na anayetangulia kuchukua gizani amewachukulia wenziwe, akina mama wa idara ya kufungasha wasioweza kubeba mota begani.

Juu ya hayo, wewe fundi umekabidhiwa spana, funguo na mashine, na hiyo ni amana. Wamepokea Abu Dawud na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.) amesema: "Irejeshe amana kwa aliyekuamini, wala usimhini aliyekuhini." Wanaoitazama kwa jicho la dunia tu nao wana sababu ya kujizuia: atakayekamatwa getini na beringi mfukoni ataachishwa kwa utovu wa nidhamu, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kiinua mgongo aliyeachishwa kihalali kwa kosa hilo. Mtu anapoteza haki ya miaka kumi kwa beringi mbili, na tajiri anapata kisingizio cha kuwachelewesha wengine wote.

Kuzifunga mashine vibaya hata mlango wa dhafar hauna, maana hakuna unachopata. Ni uharibifu, na mharibifu analipa alichoharibu. Na fikiria kinachotokea kweli: waya wa ardhi umekatwa, au boliti za mhimili zimeachwa bila kukazwa. Kijana atakayewasha mashine ile huko ng'ambo si yeye aliyekunyima mshahara. Akipigwa na shoti au akakatwa mkono, una damu ya mtu usiyemjua. Kazi ya kufungua na kupakia ni ijara (kazi ya kulipwa) kama nyingine, halali kwako, na ujira wake ni haki yako mpya juu ya ile ya zamani. Ifanye sawasawa, weka alama kwenye nyaya, funga vipuri kwenye mifuko yenye majina, na uandike siku na saa ulizofanya. Daftari hilo litakufaa.

Karatasi ya ofisi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote, na wengi huisaini bila kuisoma. Kusaini kwamba umepokea usichopokea ni ushahidi wa uongo dhidi ya nafsi yako, na mtu hushikwa kwa kukiri kwake. Aya ya deni katika Suratul Baqara (282) imeweka utaratibu ulio kinyume kabisa na wa ofisi yenu: anayeamuriwa kuimlisha maandishi, yaani kuyatamka yaandikwe, ni yule ambaye haki iko juu yake, wala asipunguze kitu. Yaani tajiri ndiye aandike "nadaiwa kiasi hiki". Ama maneno "hatumdai mtu", huko ni kusamehe, na katika Shafi'i kusamehe deni lisilojulikana kiasi chake hakusihi. Mbele ya Mwenyezi Mungu haki yako ingebaki. Lakini usitegemee hilo, kwani mbele ya msuluhishi karatasi yenye saini yako itasomwa ilivyo.

Fanya hivi. Usisaini karatasi ya jumla. Wakikupa fedha, saini kwa kiasi ulichopokea tu, ukiandika kwa mkono wako: "Nimepokea shilingi kadhaa, mshahara wa mwezi fulani. Sijalipwa: mshahara wa mwezi fulani, likizo, kiinua mgongo." Tia tarehe, piga picha kabla ya kuirudisha. Wakikataa kulipa mpaka usaini ya kwao, wasiliana na tawi lenu la chama cha wafanyakazi (viwandani wengi wako TUICO) na mkatae kwa pamoja. Mmoja mmoja ndivyo mnavyovunjwa.

Na huwezi kudai usichokijua, basi piga hesabu. Tuseme mshahara wako wa msingi ni shilingi 390,000 kwa mwezi, kwa siku sita za kazi kwa wiki. Mwezi una wiki 4.333, mara siku sita ni siku 26, kwa hiyo siku moja ni shilingi 15,000. Kiinua mgongo cha kisheria hakipungui mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu ya miaka haizidi kumi. Una miaka 14, inahesabiwa 10: 15,000 mara 7 ni 105,000, mara 10 ni shilingi 1,050,000. Mkataba wenu au makubaliano ya chama yakitoa zaidi, ni hayo zaidi, kwa kuwa Waislamu wanafungwa na masharti yao. Ongeza mishahara miwili, 780,000. Ongeza likizo ambayo hukuchukua, na kwa mzunguko wa likizo usiokamilika hesabu siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, wasipoitoa wanailipa. Aliyeajiriwa akitokea mbali, kwa mfano kutoka Lushoto, ana haki ya kusafirishwa yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa. Kila mmoja ana haki ya cheti cha utumishi. Makosa yanayorudiwa ni mawili: watu huchanganya posho na saa za ziada ndani ya mshahara wa msingi, halafu dai lote linaonekana la uongo, na ofisi nayo huhesabu miaka kuanzia mkataba wa mwisho, si siku ya kwanza kazini. Tafuta barua yako ya kwanza ya ajira au hati ya mshahara ya zamani kuliko zote.

Nenda pia NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ukachukue taarifa ya michango. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yako hukatwa kabla hujauona. Mwajiri anayekata asiipeleke amekula amana, na hili ni zito kuliko kuchelewesha mshahara. Miezi iliyo mitupu iorodheshe na uipeleke kwenye Mfuko sasa, wakati mwajiri bado ana ofisi mjini. Ulizia papo hapo fao la upotevu wa ajira, na usijiuzulu kwa hasira: anayeacha kazi kwa hiari yake halipati.

Nimesema tutarudi kwenye deni lililoiva. Katika Shafi'i, mdai ambaye deni lake limeiva ana haki ya kumzuia mdaiwa asisafiri mpaka alipe, na ambaye deni lake halijaiva hana haki hiyo. Mishahara yenu miwili imeiva. Kwa hiyo kutaka makontena yasitoke bandarini kabla hamjalipwa ni dai ambalo fiqhi inalijua, ila anayezuia ni hakimu, haizuiwi kwa kulala mbele ya malori. Sheria nayo inamlazimu mwajiri, kabla ya kupunguza watu, atoe taarifa ya kusudio lake na ashauriane na chama juu ya sababu, njia za kuepusha, wakati na malipo. Kama hakufanya, liandikeni. Shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anayelalamikia kuachishwa ana siku 30 tangu ajira kukoma. Madai mengine ni siku 60. Fomu ya malalamiko apewe mwajiri kwanza, mbaki na uthibitisho kuwa ameipokea. Kuhusu kuzuia mali isiondoke, chama au wakili aulizwe mapema juu ya kuomba amri Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. "Njooni wiki ijayo" ndiyo inayomaliza hizo siku 30, na meli haisubiri. Kampuni ikiwekwa chini ya mfilisi, peleka dai lako kwake kwa maandishi; sheria ya makampuni inautanguliza mshahara mbele ya madeni mengi.

Halbadiri iacheni. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu, na unaweza kuiomba kwa Kiswahili chako baada ya sala: akupe haki yako na akutosheleze. Kuwakusanya watu kuapiza, na katika ofisi ile yumo mhasibu na msimamizi ambao nao hawajalipwa, sioni kheri yake.

Na kama wapo wanaofikiria mgomo baridi, yaani kuja kazini na kufanya kazi pungufu: muda mnaoendelea kuhesabiwa mshahara, fanyeni kazi ya mshahara. Suratul Mutaffifin imewatisha wanaopokea kipimo kamili wakatoa pungufu.

Fedha zikitoka, lipa madeni kwanza, hasa ile mikopo ya kausha damu ambayo riba yake inazidi kila wiki. Zaka haikuwajibikii siku ya kupokea. Kikibaki kiasi cha nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, kikakaa mwaka mzima wa Hijria, toa asilimia 2.5. Na aliyebaki bila kitu, au mwenye deni asiloweza kulilipa, ni katika wanaostahiki kupewa zaka kwa aya ya 60 ya Suratut Tawba. Asione haya kumwambia imamu wa msikiti wake.

Wallahu aalam.