Kuipima hospisi kabla hujasaini: anza na saa nane usiku

Pole kwa kuuguza, ndugu. Swali lako nimelielewa hivi: mgonjwa ameshaambiwa tiba ya kuponya imefika mwisho, mmeshauriwa huduma shufaa ya nyumbani, yaani ya kutuliza maumivu na dalili nyingine, na mna watoa huduma hiyo (hospisi) wawili mkononi. Wote wana vipeperushi vizuri, wote wanaongea kwa upole. Mtajuaje yupi anaijua kazi?

Weka vipeperushi pembeni, uliza habari za usiku. Mchana wa siku ya kazi karibu kila hospisi ni nzuri: ofisi iko wazi, daktari anapatikana, duka la dawa halijafungwa. Maumivu, kukosa pumzi na kuweweseka havijui saa za ofisi. Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili, na ulitamke hivihivi: "Mgonjwa akianza kulia kwa maumivu saa nane usiku wa Jumapili, nikipiga simu anapokea nani, halafu kinafuata nini?"

Jibu lake lisikilize kipande kwa kipande. Anayepokea ni muuguzi mwenye kumbukumbu za mgonjwa mbele yake, au ni mtu wa kuandika ujumbe tu? Kama ni ujumbe, muuguzi hupiga baada ya dakika ngapi? Ana maelekezo ya daktari yaliyokwisha kuandikwa yanayomruhusu kupandisha dozi palepale, au lazima kwanza amtafute daktari aliyelala? Ikibidi aje, anatokea wapi, na njiani ni muda gani? Mwenye kuijua kazi hujibu bila kutafuta maneno, maana jambo hilo humkuta kila wiki. Anayesema "tupo saa 24, msiwe na wasiwasi" hajajibu kitu. Anayesema "mkimbizeni hospitali" amejibu kwa uaminifu: usiku hana huduma.

Halafu ijaribu. Kabla ya kusaini, piga namba hiyo ya usiku mwishoni mwa wiki na uangalie saa. Jitambulishe kuwa ni familia inayoulizia, usimshikilie mtu kwenye laini, kata. Dakika mbili hizo zitakueleza zaidi ya kikao cha saa nzima ofisini.

Swali la pili linatokana na la kwanza: usiku huo dawa iko wapi? Hospisi makini huacha nyumbani kwa mgonjwa kisanduku kidogo cha dawa za dharura mapema, kabla hazijahitajika. Ndani huwa na mofini ya maji kwa ajili ya maumivu na kukosa pumzi, haloperidoli ya kichefuchefu na kuweweseka, dawa ya kutuliza ya jamii ya midazolamu au lorazepamu, hayosini ya kupunguza majimaji kooni, pamoja na dawa za kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa, kwa mfano za kulainisha choo na parasetamoli ya homa pale mgonjwa asipoweza kumeza. Orodha hutofautiana kulingana na sheria na uwezo wa mahali. Cha msingi ni kwamba ipo, kila dawa ina karatasi inayosema ni ya dalili gani na kiasi gani, na mlezi amefundishwa kuvuta mililita sahihi kwenye bomba la sindano huku muuguzi akimtazama. Kuelezwa tu hakutoshi. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti, na kosa la kuchanganya miligramu na mililita ndilo la hatari kuliko yote ndani ya nyumba. Muulize: "Utamfundisha nani kati yetu, na utajuaje ameelewa?" Jibu zuri ni kwamba atamtaka mlezi apime dozi mbele yake, kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa mofini, maana hapa ndipo wengi hufeli. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba dawa ya maumivu ya saratani itolewe kwa mdomo inapowezekana, na kwa saa, bila kungoja mgonjwa alie. Mofini ya kawaida ya maji hudumu takriban saa 4, kwa hiyo hutolewa kila baada ya saa 4, na pembeni kunakuwa na dozi ya ziada kwa maumivu yanayochomoza katikati. Dozi hiyo kwa kawaida ni kama sehemu moja ya sita ya jumla ya siku. Mgonjwa anayepata miligramu 10 kila saa 4 anatumia 60 kwa siku, kwa hiyo ya ziada ni 10. Akihitaji za ziada nne kwa siku amefika 100, na mtaalamu anapaswa kuipandisha dozi ya kawaida, isipokuwa kama maumivu hayo huja anapogeuzwa au kuogeshwa tu. Hapo dozi ya ziada hutangulizwa nusu saa hivi kabla ya kumgusa. Hesabu hizi nimeziweka umpimie muuguzi. Usizitumie kumpangia mgonjwa dozi mwenyewe. Ukimwuliza "dozi ya ziada mnaipataje?" akakujibu "tunaangalia hali", shika mkoba wako.

Mtego mwingine ninaoupenda kwa sababu ni rahisi: uliza dawa ya kulainisha choo huanza lini. Jibu sahihi ni siku ileile mofini inapoanza. Kichefuchefu na usingizi wa mofini kwa wengi hupungua ndani ya siku chache hadi wiki, lakini kufunga choo mwili hauzoei. Likipuuzwa, choo hukauka na kuziba, kisha majimaji hupenya pembeni. Familia huona kuharisha, humpa dawa ya kuzuia, na hali huwa mbaya maradufu. Mgonjwa mzee anaweza hata kuanza kuweweseka kumbe tatizo ni choo kilichoziba au kibofu kilichojaa. Muuguzi mzuri, kabla hajaongeza dawa ya kutuliza, huuliza alipata choo lini na kukagua tumbo chini ya kitovu.

Yapo na mengine mawili ya kusikiliza. Vidonge vya mofini vinavyotoa dawa polepole havisagwi hata siku moja, maana dozi ya saa 12 hutoka yote kwa mpigo. Na plasta ya fentanili ya kubandika kwenye ngozi huchukua kati ya saa 12 na 24 kufikia nguvu yake, hukaa siku 3, na joto la chupa ya maji ya moto au homa kali huifanya itoe dawa kwa kasi kupita kiasi. Mtoa huduma anayekimbilia plasta mpya kwa maumivu yaliyowaka usiku huo hajui anachofanya. Ukiona misuli ya mgonjwa inarukaruka na usingizi umezidi, hasa mwenye figo dhaifu, huenda mofini imerundikana mwilini. Anayejua hupunguza dozi, hutanua muda kati ya dozi au hubadilisha dawa. Asiyejua hudhani ni maumivu na kuongeza.

Usiache kuuliza: "Akishindwa kumeza mtafanya nini?" Siku hiyo karibu kila mgonjwa huifikia. Majibu yanayokubalika ni mofini ya maji yenye nguvu, kiasi kidogo ndani ya shavu, au sindano za chini ya ngozi, au kipampu kinachosukuma dawa chini ya ngozi kwa saa 24. Kama hawana mpango, mgonjwa atakatiwa dawa katika siku zake ngumu kuliko zote.

Ziara ya kwanza itazame kwa macho, usiisikilize tu. Muuguzi anayeijua kazi huongea na mgonjwa kwanza, familia baadaye. Huuliza maumivu kwa namba, sifuri hadi kumi, na kwa asiyeweza kusema hutazama uso, mkunjo wa paji, miguno, pumzi, na kama akishikwa mkono anatulia. Kisha humwomba afungue mdomo. Kinywa kinasema mengi: utando mweupe wa fangasi, ulimi mkavu uliopasuka, meno ya bandia yanayochubua. Mgonjwa aliyeacha kula huenda haumwi tumbo hata kidogo. Anaumwa mdomo, na dawa yake ni nyepesi. Baada ya hapo hufunua shuka akatazama visigino, mfupa wa chini ya mgongo, nyonga, na nyuma ya masikio kama kuna mpira wa oksijeni. Wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole ni kidonda kinachoanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo hugusa kutafuta joto, ugumu au maumivu. Aliyekaa kitini dakika kumi na tano akijaza fomu bila kufunua shuka amekuonyesha ubora wake wote.

Dalili nyingine njema, ingawa familia nyingi huichukia mwanzoni: hupitia dawa zote na kuzipunguza. Kidonge cha kolesteroli hakina kazi tena kwa mtu aliyebakiwa na wiki chache.

Uliza muuguzi mmoja ana wagonjwa wangapi, upige hesabu. Mwenye 12 anaowatembelea mara mbili kwa wiki ana ziara 24, kama 5 kwa siku, inawezekana. Mwenye 30 ana ziara 60, yaani 12 kila siku pamoja na safari. Hiyo haiwezekani, na maana yake ziara zinaandikwa kwenye karatasi tu au ni za kuchungulia mlangoni.

Ukitaka kipimo cha maandishi, kanuni za mpango wa bima wa Medicare wa Marekani zinafaa kama fimbo ya kupimia hata kama uko kwingine. Zinataka muuguzi afanye tathmini ya kwanza ndani ya saa 48, tathmini kamili ya timu ndani ya siku 5, na mpango wa huduma upitiwe upya angalau kila siku 15. Wauguzi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wakija katika siku 3 za mwisho za uhai hilo nalo hupimwa. Waulize watu wako: ninyi ni siku ngapi? Na mgonjwa anapoelekea mwisho, ziara zenu huongezeka au hubaki zilezile? Swali hili la mwisho ndilo la kuwauliza pia ndugu waliowahi kuhudumiwa nao. Usiwaulize kama walikuwa wazuri, watasema ndiyo. Waulize: "Wiki ya mwisho walikuja mara ngapi, na usiku mlipopiga walipokea?"

Kuhusu timu: Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice kule London mwaka 1967, alisomea uuguzi, kisha ustawi wa jamii, kisha udaktari. Alisisitiza kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Ndiyo maana hospisi yenye wauguzi peke yao haijatimia. Awepo mtu wa kushughulikia wosia, watoto, ugomvi wa ndugu na madeni, na mtu wa imani ya mgonjwa, siyo ya hospisi.

Wape pia mtihani wa siku za mwisho. Waambie wakueleze familia itaona nini. Wanaojua watasema mikono na miguu hupoa, pumzi husimama na kuanza tena, koo hukoroma kwa majimaji ambayo mgonjwa mwenyewe kwa kawaida hayamsumbui, na kwamba humlaza ubavu badala ya kumnyonya majimaji hayo kwa mashine. Watasema asilazimishwe kula wala kunywa, midomo ilowanishwe mara kwa mara. Kwa kukosa pumzi watataja feni inayopuliza usoni, kumwinua kitandani na mofini kidogo, siyo mtungi wa oksijeni kwa kila mtu; kama oksijeni ya damu haijashuka, mtungi hausaidii zaidi ya hewa ya kawaida.

Mkataba usome sehemu mbili tu kwa makini: vitu ambavyo havimo, na namna ya kutoka. Mgonjwa akipata nafuu, au mkitaka kuhama, inakuwaje? Kama dalili zitashindikana nyumbani, wana kitanda wapi? Mlezi akichoka kabisa, kuna siku chache za kumpumzisha? Anayekusukuma usaini leo leo, mwambie utarudi kesho.

Mwisho uliza saa ya kifo chenyewe: nani anapigiwa simu, nani anakuja kuthibitisha, ndugu wanafuatiliwa kwa muda gani baada ya msiba, na mofini iliyobaki kwenye chupa inachukuliwa au inamwagwa na nani, mbele ya shahidi gani. Chupa hiyo ikisahaulika kabatini, mtoto ataikuta.